Magome Shingoni mwa Miparachichi

Wazazi wetu walipofariki walituacha watoto wanne na miparachichi tisa nyuma ya nyumba, hapa Ipogolo. Mimi, binti mkubwa, nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikaenda kufanya vibarua kwenye shamba la mtu kule Mbeya, na huko nilijifunza kutandaza magome ya paini chini ya miti. Unatandaza kuzunguka mti wote ili udongo usikauke kiangazi, lakini shina unaliachia nafasi ya shubiri moja lipate hewa.

Msimu wa mvua uliopita nilikwenda Chimala kumuuguza shangazi. Niliporudi nilikuta baba mdogo ameyakusanya magome yote niliyotandaza na kuyarundika kwenye mashina, kila mti na kichuguu chake.

"Baba, mbona umefanya hivi?"

"Viazi tunainulia udongo, mahindi tunainulia. Mparachichi ni nani usiinuliwe?"

"Kiazi kinazaa chini, baba. Huu unazaa juu."

"Haya, profesa wa darasa la sita," akasema, na mkewe akacheka.

Nilifukua kwa mikono. Ganda la mashina lilikuwa limeloa, jeusi, likibanduka kwa ukucha na kunuka kama muhogo uliovundikwa. Miti minne ilishaanza kuwa na majani ya njano.

Kukosea ningemsamehe. Lakini Jumapili, ukoo ulipokaa baada ya ibada, alisema miti inakufa kwa sababu imemshinda mtoto wa kike. Afadhali ikatwe yote, zijengwe fremu za maduka, barabara kuu ipo karibu. Wazee wakaitikia upesi mno, nikajua walishaongea.

Kwetu binti hamjibu baba mdogo mbele ya kikao. Nilisimama.

"Miti umeiozesha wewe. Anayetaka fremu akajenge kwake."

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu wewe, baba. Mama aliipanda hii, na wadogo zangu wanasoma kwa hii."

Hakuna aliyeniunga mkono. Wala hakuna aliyekuja na panga kuikata.

Miti miwili ilikauka. Niliikata mwenyewe, nikapanda miche mbali kidogo na visiki. Baba mdogo haongei nami hadi leo. Shikamoo nampa kila akipita, maana ni damu ya baba yangu, lakini uani kwetu haingii.