Kiota cha Tatu

Mimi ndege sikuwa na habari nao. Kwangu mnana alikuwa mwizi tu, anachanachana majani ya migomba yetu kwenda kusukia viota. Mume wangu ndiye aliyekuwa na muda nao. Figo zilikuwa zimemwachisha kazi za shamba, na tangu mvua za kwanza alishinda barazani akitazama mgrevilea uliosimama kati ya jiko na kahawa.

Alikuwa na dume lake moja, la manjano. Lilisuka kiota, likaning'inia chini yake miguu juu, likipigapiga mbawa na kupayuka kumwita jike. Jike alikuja, akaingia, akavutavuta nyasi, akaenda zake. Kiota kikakauka. Dume likakibomoa lenyewe chote, likaanza upya kwa majani mabichi. Cha pili nacho hivyo hivyo.

"Masikini, hajui kutongoza," nilisema.

"Hata mimi ulinikataa mara mbili," mume wangu akajibu. "Subiri jike akubali. Utamwona anabeba manyoya, anatandika ndani. Akishatandika, hiyo ni ndoa."

Cha tatu kilikuwa bado kibichi tulipompeleka hospitali, Vwawa. Kila mchana nilipanda bodaboda na chupa ya uji, na kila mchana aliniuliza kabla hata ya salamu, "Kapata?"

"Bado."

Jamani, sikuwa naangalia! Naamka, nakamua ng'ombe, nakoroga uji, nakimbilia barabarani. Nani ana shingo ya kutazama juu? Nilisema bado ili yaishe. Wiki ya pili nilimkaripia kabisa: "Mzee, achana na mambo ya ndege, kunywa uji."

Akanywa vijiko viwili. "Bado, eh?" akasema, akageukia ukutani. Kesho yake asubuhi walinipigia simu.

Kwetu msiba ukiingia, majirani hawasubiri kutumwa. Wanaume walikuja na mapanga, wakaangusha matawi ya mgrevilea ili turubai lipate nafasi. Walifanya kwa upendo, siwalaumu. Kiota kilidondoka karibu na mafiga, wifi yangu akakiokota awashie moto.

Nikamnyang'anya. Nikaingiza vidole. Ndani kulikuwa na manyoya ya kuku wetu, tele, yamepangwa vizuri, na mayai matatu. Moja lilikuwa limepasuka, na kifaranga kilishaumbika, mdomo na vikucha. Kitanda kile hakikutandikwa jana wala juzi. Kila siku niliyosema bado, jike alikuwa amelalia mayai juu ya kichwa changu, nami napita chini na chupa ya uji.

Hapo ndipo nilipolia kwa sauti. Tangu asubuhi nilikuwa sijalia.

"Kapata, mzee," nilisema. "Kapata siku nyingi. Nisamehe."

Wifi akanishika mkono, akaniambia nikae, jeneza linaingia.