Lehemu Iliyolala

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipoteremka kutoka Mbololo hadi Voi na katoni kifuani, nimekasirika hata sikumsalimu mtu njiani. Ndani ya katoni mlikuwa na amplifaya, mashine ya kukuza sauti, niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na ilikuwa imekataa kusema. Jumamosi dada yangu alikuwa anaolewa.

Nikueleze kwanza kwa nini jambo hilo lilikuwa zito. Baba yangu alikuwa ameugua koo mwaka uliotangulia. Alipona, lakini sauti haikurudi; ulibaki upepo tu, kama wa mlango usiofungika vizuri. Na nyumbani kwetu binti hakutoka kabla baba hajamtamkia baraka mbele ya watu, na watu wakaitikia. Utaitikiaje usichokisikia? Baba mdogo alijitolea kumsemea. Baba akakataa. "Kijana wangu anasoma mambo haya chuo kikuu," alimnong'oneza. "Amesema atanitengenezea sauti." Mtu wa kukodisha vipaza sauti alishaambiwa asije.

Siku hizo nilikuwa kijana wa kuhoji kila kitu. Nilihoji mahubiri, nilihoji magazeti, nilihoji hata methali. Wakiniambia mwenda pole hajikwai, niliwajibu kwamba wenda pole wengi nimewaona wakijikwaa njia ya mtoni. (Hata leo sijabadilika sana. Mke wangu atakwambia.)

Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la makaa, nikakimbia nacho mezani kuunganisha waya kwenye kibao cha amplifaya kabla chuma hakijapoa, kisha nikarudi jikoni. Nenda rudi, nenda rudi, tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Nilipofunga betri ya lori ya jirani, amplifaya ilisema "alo" moja, ikakoroma, ikanyamaza. Nikiigonga, inasema. Nikiiacha, inanyamaza. Nilipima betri, nikapima maiki na spika, zote nzima. Nilipitia mchoro wangu mara ya tatu nikaona hauna kosa. Basi, nikahitimisha, kosa ni la transista, na transista aliniuzia Mwakio, mwenye duka la vipuri vya redio pale Voi.

"Umeniuzia transista mbovu," nilimwambia mbele ya wateja wake.

"Si nilizipima hapa hapa ukiona?"

"Na hicho kipimo chako nani alikipima?"

"Sasa hata kipimo kinadanganya?"

"Inawezekana."

"Na mimi je?"

Nikaisukuma katoni mbele yake, kana kwamba jibu limo humo. Mwakio, mtu mpole, aliinamisha macho akaanza kupanga betri ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Kwenye baraza ya duka lile alikaa Mzee Salimu, fundi bati, ambaye jamaa zake walitoka pwani zamani. Alitengeneza koroboi, mabirika na karai kutokana na mabati na makopo ya kale. Alikuwa amesikia yote.

"Msomi," aliniita, "hebu niletee nikitazame hicho kidude."

"Shikamoo, mzee wangu. Lakini hii si koroboi."

"Marahaba. Najua si koroboi. Koroboi zangu zinawaka."

Baraza zima lilicheka. Nikampa, ili tu nisionekane sina adabu.

Hakuzitazama transista, sidhani alizijua hata kwa jina. Alikiinua kibao juani, akapitisha ukucha wake juu ya kila tone la lehemu, moja baada ya jingine, bila haraka. Akakomea kwenye waya mweusi, waya wa ardhi, ule ambao sehemu zote nyingine huutegemea.

"Huu ndio uliomalizia?"

Nikashtuka. "Umejuaje?"

"Hizi nyingine zang'aa. Hii ina rangi ya jivu. Chuma kilikuwa kimepoa, nawe ulikuwa na haraka. Waya ukipata moto huinywa lehemu, mwanangu. Usipopata, lehemu hulala juu yake tu, kama mgeni ambaye hajakaribishwa." Akauvuta waya kwa ukucha. Ukatoka wote, bila kushindana.

"Nimekagua kila kitu, mzee," nilisema, na sauti yangu sasa ilifanana na ya baba.

"Umeiuliza betri, umeiuliza spika, umemuuliza Mwakio mpaka heshima yake. Mkono wako umeuuliza lini? Nyani haoni kundule."

Methali hiyo, kusema kweli, sikuihoji.

Akachukua koroboi aliyoimaliza asubuhi ile, akaijaza maji, akaiinamisha juu ya kiganja chake mwenyewe. Alifanya hivyo kwa kila koroboi kabla ya kuiuza. "Ikivuja," alisema, "na inilowanishe mimi kwanza."

Hakunifanyia kazi yangu. Alinipa kisu niukwangue waya mpaka ung'ae, akaniwekea chuma kwenye jiko lake, akanizuia mkono. "Ngoja. Ngoja bado. Haya, sasa." Nikaiona lehemu ikiyeyuka na kuzama, ikanyweka kweli. Aliyeleta betri, maiki na spika za kujaribia ni Mwakio, yule yule niliyemvunjia heshima. "Alo" yangu ilijaza duka. Nikakigonga kibao, nikakitikisa, sauti haikukatika.

"Ihoji basi," Mwakio alisema, "kama ni sauti ya kweli."

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya wateja wale wale. Ilikuwa ngumu kuliko mitihani yangu yote.

Jumamosi baba alishika maiki kwa mikono miwili. Kwanza akanong'ona, "Mwanisikia nyinyi wa nyuma?" Upepo wake ule ule ulitoka kwenye spika, mdogo, wenye mikwaruzo, lakini ukafika mpaka kwenye migomba. "Twasikia!" wakajibu. Ndipo alipombariki dada yangu, neno kwa neno, na kila neno likaitikiwa. Dada alicheka huku analia. Mimi nilisimama karibu na betri, mkono juu ya kibao, nikilisikia joto lake.

Mwanangu, sikuambii uache kuhoji. Wanaokuambia hivyo nao wahoji. Lakini shaka yako ianzie kwenye kiganja chako kabla haijafika kwenye duka la mwenzio. Kitu kikikataa, rudi pale ulipofanya haraka, maana unapajua. Na usimdharau asiyejua jina la kitu chako. Huenda anaujua moto wake. Ukimkosea mtu mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu hao hao, siyo kichochoroni.

Mungu akupe makaa ya kutosha mpaka kiungo cha mwisho, akupe mtu wa kukuzuia mkono akisema ngoja bado, na siku utakapotamka lako la moyoni, hata kwa sauti ndogo, wa nyuma kabisa wakuitikie.