Mafuta ya Kurudi

Mimi nauza petroli mwaloni Musoma, pale mitumbwi inapofunga na samaki kushushwa. Mashine ikipita naijua kwa mlio tu: hii plagi imechoka, ile oili wamechanganya vibaya. Kwa hiyo asije mtu kuniambia nimerukwa na akili. Tangu ziwa limchukue mdogo wangu, mashine yake naisikia. Inakujaga jioni, akina mama bado wanaanua dagaa. Inakohoa kidogo kama ilivyokuwa ikikohoa akikaribia nchi kavu, halafu kimya. Nageuka, hakuna mtumbwi. Naogopa, jamani, na sioni aibu kusema.

Yaliyompata tulielezwa na watu aliowaokoa. Wavuvi wa sangara hawapendi kubeba dumu la pili. Mafuta ni mzigo, yanakula nafasi ya barafu, na mashine inakunywa zaidi ili kuyabeba. Wanachukua ya kwenda na kurudi, na kidogo cha dharura, basi. Lakini ziwani kuna sheria ambayo haikuandikwa na serikali: ukiona mtu amesimama ndani ya mtumbwi anapunga shati juu ya kasia, humpiti. Mdogo wangu aliliona shati. Siku hiyo alikuwa peke yake, mwenzake anaumwa. Akawamiminia, akawaambia yaliyobaki yatamfikisha. Wale walifika. Yeye upepo ulimkuta katikati, na mtumbwi wake ukaokotwa umepinduka, tangi linaelea pembeni halina hata tone. Mwili hatukuupata.

Watu wale walikuja Kiriba, nyumbani kwa mama, wanalia kama watoto. Mama akawasongea ugali. Mimi nilitamani kuwamwagia ile sufuria kichwani! Nilikaa jikoni nikiwachukia mpaka walipoaga.

Kwetu, mtu akichukuliwa na maji asipatikane, unakatwa mgomba, unavishwa sanda pamoja na nguo zake, unazikwa kama yeye. Usipofanya hivyo hapumziki. Na kweli hakupumzika. Alinijia usingizini, ameloa, ameshika dumu tupu. Mke wake, wifi yangu, hakuwa mjane wala mwenye mume. Alikonda mpaka khanga zikawa zinamvuka. Wazee wa ukoo wakamwendea mama, padri naye akasema yuko tayari kuja kusali. Mama akakataa katakata.

"Nizike mgomba, halafu akija nimwambie nini?"

Mlango wake akawa hafungi komeo. Kila jioni anamtengea chakula, asubuhi anawapa kuku. Ukimgusia habari ya mazishi anakwambia toka, rudi Musoma kwako ukauze mafuta. Mimi na wifi tuliona kabisa kwamba mama akiendelea hivi, tutawazika wawili, yeye na mwanawe.

Likizo, binti wa marehemu akaja kutoka Bunda anakosoma sekondari. Naandika marehemu sasa. Wakati ule ukilisema neno hilo kwa mama unafukuzwa. Mchana tumekaa uani tunamenya mihogo, mtoto akatoa simu atuonyeshe roketi linavyoruka. Moto, moshi, watu wanashangilia kwa kizungu.

"Shangazi, hili hutaliamini," akaniambia. "Likiwa chini hivi, karibu lote ni mafuta. Uzito wake ukiugawa mafungu kumi, tisa hivi ni mafuta tu. Watu wanakaa kwenye kile kipande kidogo pale juu."

"Hilo sasa si chombo," nikamwambia, "hilo ni dumu limewekewa pua. Mafuta yote hayo ya nini?"

"Si mafuta yenyewe yana uzito? Kwa hiyo unahitaji mafuta ya kunyanyua mafuta, na mengine tena ya kunyanyua hayo. Na kule juu hakuna hewa ya kuwasha moto, inabidi wabebe na oksijeni. Mengi yanaishia kwenye kuondoka tu."

Hapo nilimwelewa. Ndiyo hesabu ya wavuvi wangu na dumu lao la pili. Nilitaka kucheka, ila mama alikuwa ameacha kumenya.

"Na ya kurudi yanakaa wapi?" akauliza.

Mtoto akaishusha simu. "Chenye watu wanakibakizia, bibi, kidogo. Lakini vyombo vingine havirudi. Vinatumwa mbali huko, havikuwekewa ya kurudi."

"Na waliovituma wanajua?"

"Wanajua, bibi. Tangu wanapovitengeneza."

"Wana heri," mama akasema. "Wao wanaaga wakijua. Mimi nilimwambia aniletee samaki, furu wa mchuzi."

Akalia. Tangu msiba ule uingie hakuwahi kulia, hata mbele ya wale watu. Wifi akatoka ndani akaja kumshika, mtoto naye akaanza kulia akidhani amekosea. Mimi nikabaki na kisu mkononi.

Alipotulia, alijipangusa kwa ncha ya khanga, akazungumza taratibu. "Ya kurudi aliyatoa mwenyewe. Kwa mkono wake. Basi mwanangu hayuko njiani. Haji." Kisha akanitazama. "Leta panga."

Nilikimbia kulichukua, nikihofu atageuza mawazo. Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikaushika wa kwanza uliokuwa karibu, nikainua panga.

Mama akanizuia mkono. Akauangalia ule mgomba kutoka chini mpaka juu, akaupapasa.

"Huo mfupi," akasema. "Mwanangu alikuwa mrefu."