Baridi ya Kumfikisha Muzee Butembo

Saa mbili asubuhi mtaa wa Mabanga, mjini Goma, umekwisha kuchangamka, lakini mbele ya karakana ya Hemedi Assani hakuna anayepaza sauti. Gari lililosimama pale ni la kubebea maiti, na wapita njia wakilitambua wanapunguza maneno. Hemedi, fundi wa viyoyozi vya magari, amepiga magoti mbele ya boneti iliyo wazi. Mkono mmoja umeshika bomba jembamba, mwingine bomba nene. Anapima kwa viganja.

“Zima,” anamwambia dereva. “Washa tena. Acha isimame tu vile.”

Injini inanguruma. Mwanzoni hewa inayotoka ni baridi ya kuridhisha. Kisha inalegea, inakuwa vuguvugu. Angèle Kavira, aliyeketi nyuma pale litakapowekwa jeneza la baba yake, anaondoa mkono kwenye tundu la hewa na kufumba macho.

Baba yake, muzee Paul Kambale, alifariki Jumapili. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage kati ya Butembo na Goma, na watoto wake aliwaachia agizo moja: azikwe nyumbani Butembo, ubavuni mwa mkewe. Kwa Wanande, kabila lake, agizo kama hilo halina mjadala. Atakayelivunja ataulizwa na ukoo maisha yake yote.

Lakini huu ni mwaka 2025. Tangu waasi waingie mjini mwezi Januari, ndege hazitui, na barabara ya moja kwa moja ya kwenda Butembo inakatwa na mapigano. Imebaki kuzunguka: kuvuka mpaka wa Bunagana, kukatiza Uganda, kurudi Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Ni safari ya siku mbili, mipaka ikiwa na huruma. Chumba cha maiti nacho hakina umeme wa kuaminika, na familia imeambiwa imchukue mtu wake leo.

“Ndugu zangu wanasema, kama baridi haishike, tumuzike hapa Goma leo mangaribi,” anasema Angèle. “Mi nimekataa. Lakini siwezi kumubeba papa aharibike njiani. Hiyo pia ni kumukosea heshima.”

Anayedhani kiyoyozi ni starehe ya mabwana, angefika Mabanga asubuhi hii.

Dereva anaitwa Carlos. Anaeleza kwamba baridi ilipoanza kupungua alipeleka gari kwa fundi mwingine, akajaziwa gesi. Ilipopungua tena, akajaziwa tena. Hemedi anatikisa kichwa. Anafunga mita yake ya presha, na mshale unapanda hadi pabaya.

“Hapa kwetu clim ikigonjwa, dawa ni gaz tu,” anasema, akimaanisha kiyoyozi. “Sasa gaz imezidi. Niambie, papa. Mukiwa munatembea, baridi iko?”

“Iko,” anajibu Carlos.

“Na mukisimama?”

“Inaisha.”

Kila mtu pale anaelewa gari hili litasimama wapi. Litasimama mipakani, juani, kwenye foleni, huku karatasi za marehemu zikizungushwa dirisha hadi dirisha.

“Basi haipate upepo mbele,” anasema, na kuanza kufungua grili.

Nyuma ya grili kuna kitenge. Kimekunjwa mara mbili na kufungwa kwa waya, rangi yake haitambuliki tena kwa weusi. Carlos anakitazama kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani, kisha anainamisha kichwa.

Alikifunga mwenyewe Mei 2021, volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka na nusu ya mji ikakimbilia Sake. Majivu yalikuwa hewani, na vumbi jeusi la mawe ya volkeno, ambalo Goma halikosekani hata siku ya kawaida, lilikuwa linaingia kila mahali. Madereva wengi walifanya hivyo hivyo ili kulinda rejeta. Mji uliporudi, wengi walikumbuka kutoa vitenge vyao. Carlos hakukumbuka.

“Mi nilifikiria naikinga gari,” anasema kwa sauti ya chini.

“Uliikinga,” Hemedi anamjibu bila kumcheka. “Siku ile kila mutu alifunika gari yake kama mutoto. Sikulaumu.”

Chini ya kitenge, kondensa, ile rejeta ndogo ya mbele inayotoa joto la kiyoyozi, imegandwa na vumbi kama ukoko wa sufuria. Gari likienda kasi, upepo kidogo hupenya. Likisimama, hakuna kitu.

Kuisafisha kunahitaji maji, na mabomba ya mtaa yamekauka. Nasiba, mke wa Hemedi, anasikia habari ya msiba, anaingia ndani na kutoka na madumu ya njano aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya nyumba. Anayatua na kumpa Angèle pole.

Hemedi hatumii pampu, kwa sababu mapezi ya kondensa ni membamba na hulala yakipigwa na maji ya nguvu. Anatumia sabuni na brashi ya rangi, taratibu, akimwaga maji kutoka ndani kwenda nje. Maji yanatoka meusi. Anamwaga tena. Kisha anapunguza gesi iliyozidi, anaivutia kwenye mtungi wake.

Kazi hii alijifunzia Kampala, alikokimbilia mwaka 2002 lava ilipoteketeza gereji alimokuwa kijana wa kuchomelea, katikati ya mji. Aliporudi, Goma ilikuwa imejengwa juu ya jiwe jipya. Siku hizi wateja ni haba. Wenye magari ya kiyoyozi walivuka mpaka nayo waasi walipokuwa wanakaribia, na kuna wiki haingii hata gari moja.

Anapoulizwa kwa nini hajamwahidi Angèle jambo lolote tangu asubuhi, fundi huyu anajibu bila kuacha kazi.

“Mama yangu alikufa mwaka 2012, waasi wa wakati ule walipoingia mji. Njia ya makaburi ilikuwa masasi, risasi tupu. Tukamuzika ku shamba ya mujomba, karibu na Munigi. Nilimushusha mwenyewe, na hii mikono. Halafu 2021 lava ikapita pale. Sasa ni jiwe tupu, hata mipaka ya shamba huwezi kuijua. Mi ninajua mutu kukosa kaburi ya muzazi wake ni nini. Njo maana siwezi kumudanganya mama Angèle.”

Angèle, aliyekuwa amesogea kuleta dumu, amesikia yote. Anauliza, “Mama aliitwa nani?”

“Aziza.”

Jua linapofika utosini, gari linawashwa na kuachwa limesimama palepale, juani. Angèle ameweka mkono kwenye tundu la hewa. Muda unapita, mafuta yanaungua, ndugu zake wawili wanasubiri kando ya barabara na simu mikononi. Hatimaye Angèle anautoa mkono na kuuweka shavuni.

“Iko baridi,” anasema, na hapo ndipo anapolia kwa mara ya kwanza.

Hemedi anamkabidhi Carlos kile kitenge. “Ukikirudisha pale mbele, utanijua,” anamwambia, na Carlos anatabasamu kidogo. Gari linaondoka kwenda chumba cha maiti.

Simu inakuja siku ya nne, Hemedi akinywa chai. Ni Angèle, sauti imekauka.

“Papa Hemedi, tumemuzika. Ku Kasindi tulisimama kutwa nzima. Nilikuwa ninagusa sanduku kila saa. Ilikuwa baridi.” Anakohoa, kisha anaendelea. “Na padiri alipotaja wafu wetu, nilimuomba ataje na Aziza wa Goma. Familia yote iliitika. Musituchukie, tunajua ninyi ni Waislamu.”

Hemedi anampa Nasiba simu, na Nasiba ndiye anayeshukuru.

Baadaye Hemedi anasema ameamua jambo ambalo kwa miaka minne alilikwepa. Usalama ukiruhusu, atapanda Munigi na kopo la rangi nyeupe, achague mahali juu ya lava na aandike jina la mama yake.

“Sitajua kama ni penyewe,” anasema. “Lakini Butembo wamemuita bila kujua fasi kaburi yake iko. Mi mutoto wake nitashindwa?”