Nakuja, Msifunge Lango

Watu wanaonukuu ovyo wananikasirisha, na walinikasirisha hata kabla mambo haya hayajatokea. Mtu anaandika habari ndefu kwenye jukwaa letu la wafugaji mtandaoni kuhusu ndama anayehara, na picha juu yake. Mwingine anakuja, ananukuu yote, picha na maneno, halafu chini anaandika, "Sawa." Wewe uliye shambani na simu ndogo unasogeza kidole mpaka kinachoka, kumbe mwisho wa safari ni hiyo sawa. Ndugu yangu mdogo alikuwa akinicheka sana kwa hasira zangu. Alisema kunukuu ni adabu, ili mwenzako ajue ni yeye anayejibiwa.

Kwa asiyejua, mambo ni hivi. Ukibonyeza neno "Nukuu", maneno ya mwenzako yanaingia kwenye kisanduku, juu yake jina na picha yake ndogo, nawe unaandika yako chini. Papo hapo simu yake inalia, apate kujua kuna mtu anamjibu. Simu ya ndugu yangu ililia kama kengele ya shingoni mwa ng'ombe. Alirekodi mwenyewe kengele ya ng'ombe wetu mzee, asubuhi moja wakati wa kukamua.

Tunakaa upande wa Kapsoit, watu wa chai kidogo na maziwa. Ndugu yangu alikuwa kitinda mimba, hajaoa bado, na alitaka kuanza na ng'ombe wake mwenyewe. Akapata kwenye jukwaa mtu wa Siongiroi aliyekuwa akiuza mtamba mzuri. Akaondoka na pikipiki, msimu wa mvua, mama akimwambia asubiri kukauke. Jioni yule muuzaji akaandika kwamba giza linaingia, je, bado anakuja? Nadhani ndugu yangu alikuwa amesimama mahali kujikinga mvua. Alijibu: "Niko njiani, nakuja. Msifunge lango."

Hakufika. Pikipiki iliteleza peke yake kwenye matope, hakuna aliyemgonga. Tulienda kumchukua hospitali ya Longisa, tukamzika nyumbani, chini ya shamba la chai, pale alipokuwa akipenda kukaa.

Simu yake ilirudi na ufa kwenye kioo lakini ikifanya kazi. Mama akaiweka juu ya kabati na kuitia chaji kila siku, kwa sababu ya picha. Ukungu ulikuwa mzito wiki hizo, ule wa kulala juu ya majani ya chai mpaka karibu adhuhuri, na ndani ya nyumba mama, mimi na mke wangu, aliyekuwa mjamzito, hatukuwa na mengi ya kuambiana. Ndipo kengele ikalia kabatini.

Nikachukua simu nikatazama. Kulikuwa na mtu nisiyemjua ambaye alichelewa kujibu swali kuhusu chakula cha kuku, na mwingine, kwa kumtania, akanukuu maneno ya ndugu yangu: "Niko njiani, nakuja. Msifunge lango." Chini akaweka vicheko. Kesho yake mwingine akafanya hivyo hivyo kwa mtu mwingine. Maneno yale yakawa mzaha wa jukwaa zima. Yeyote aliyechelewa kujibu alitupiwa kisanduku chenye picha ya ndugu yangu, kofia yake ya sufi na nusu ya tabasamu, akisema anakuja. Hawakujua. Nawaelewa, lakini nilitamani kuwafikia mmoja mmoja niwachape.

Mama akaniuliza kengele ile ni ya nini. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwamba kuna watu wanaweka jina lake na maneno yake ili yeye aonekane.

"Wanamwita," akasema.

"Si kumwita, mama. Ni mzaha tu."

"Wanataja jina yake, wanasema anakuja, na kengele inalia. Hiyo ni nini kama si kumwita?"

Sisi ni watu wa kanisa, na mama hakosi Jumapili. Lakini kwetu mtu aliyekwenda huitwa kwa jina siku moja tu, siku ya mtoto kuzaliwa. Akina mama wazee wanakaa na mtoto, wanataja waliokwenda, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto apige chafya. Yule aliyetajwa chafya ilipotoka ndiye aliyerudi. Baada ya hapo haitwi tena, kwa sababu ameshaingia nyumbani. Kumwita mtu wakati hakuna mtoto, mama alisema, ni kumtoa alipo na kumwacha barabarani.

"Unamwita mtu aje aingie wapi?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemnukuu.

Tangu siku hiyo mama hakutaka kitu kingine duniani ila mwanawe aache kutangatanga. Chakula akawa anakionja tu. Nilipotaka kuzima simu alinizuia. Akasema kuziba masikio yetu hakutawanyamazisha wanaoita.

Basi nikaamua kumaliza jambo lile kwa njia ya kiungwana. Nikamwandikia msimamizi wa jukwaa, naye akafuta ujumbe ule wa ndugu yangu mara moja. Lakini nukuu ni nakala. Ujumbe wenyewe haukuwepo tena, na bado nakala zake zilikuwa kila mahali, zikisema anakuja. Hapo nikafanya kosa la karne. Nilitaka watu waelewe ni maneno gani ninayoyasema, kwa hiyo mimi mwenyewe, adui wa nukuu, nikayanukuu kutoka nakala mojawapo. Chini nikaandika: "Huyu ni ndugu yangu. Alifariki jioni hiyo hiyo. Tafadhali acheni kumnukuu."

Walikuwa watu wema, na hilo ndilo lililotumaliza. Kila mmoja alitaka kusema pole, na kila mmoja alininukuu mimi, na ndani yangu alikuwamo yeye. "Pole sana mkubwa." "Poleni familia, aki sikujua." Kisanduku ndani ya kisanduku, na picha yake kila mahali ikizidi kuwa ndogo, kama mtu anayeonekana kwa mbali kwenye ukungu. Jina lake lilikuwamo katika kila kisanduku, kwa hiyo kengele ililia alasiri nzima. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na kabati, mikono mapajani, akiisikiliza. Mimi nilikwenda kukata majani ya ng'ombe ambayo hayakuhitajika, kwa sababu sikuweza kumtazama.

Mwisho akaandika yule muuzaji wa Siongiroi. "Pole ndugu. Mimi lango niliacha wazi jioni hiyo. Mbwa ilibweka, tukasikia kama mtu ameingia boma. Tulitoka tukaangalia, hakuna mtu." Nilikaa na ujumbe ule mkononi. Nilifanya upumbavu wa kumsomea mama.

"Kwa hivyo alifika," mama akasema, na huo ulikuwa mwanzo wa lango letu kuachwa wazi. Hakuruhusu lifungwe. Ng'ombe walitoka wakaingia kwenye chai ya jirani, jirani akaja kunigombeza, nami nikavumilia. Jioni mama alikuwa akisimama mlangoni kutazama pale barabara inapopotea kwenye ukungu. Mara nyingine nilisimama naye, na sitadanganya, kuna siku nilidhani naona kofia.

Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume mvua zilipopungua. Tulipomleta nyumbani, shangazi zangu walikuja wakaingia naye ndani pamoja na mama. Walikuwa wameshakubaliana kwamba ndugu yangu hatatajwa. Alikuwa kijana mno, walisema, na mtoto apewe mzee aliyekula chumvi nyingi. Mama hakubishana nao. Mimi nilitolewa nje, nikaenda kushikilia lango ndama wasitoke.

Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia. Walimtaja babu yangu. Kimya. Wakamtaja baba yake, na ndugu zake, na baba yangu, wakirudia majina polepole. Mtoto alikuwa amelala. Wakasogeza ugoro kidogo karibu na pua yake, nikamsikia shangazi mkubwa akicheka kwamba amekunja uso tu. Wakaanza upya kutoka juu. Sauti zao zilikuwa zimechoka. Halafu zikakoma, nadhani walikuwa wanapumzika, na katika kimya kile kengele ikalia kabatini.

Mtoto akapiga chafya.

Nilishika ule mti wa lango, baridi yake ikiniingia viganjani. Baadaye nikamsikia shangazi mkubwa akiuliza kwa sauti ndogo, "Nani ametaja?"

Nilitoa simu yangu na kufungua jukwaa. Mtu mgeni kabisa, ambaye bila shaka hakuwa amesoma tangazo langu, alikuwa akimtania mwenzake aliyechelewa kujibu kuhusu dawa ya kupe. Ilikuwa ile ile, na kofia ile ile. Niko njiani, nakuja.

Mama akatoka. Alikuja moja kwa moja mpaka langoni, akaniondoa kwa mkono kama anavyoondoa ndama, akalivuta lile lango mpaka likagota nguzoni. Akazungusha waya na kuukaza vizuri. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso wake ulikuwa umetulia, nami nikaanza kulia kabla sijajua ninalia. Nyuma yetu, ndani ya nyumba, kengele ikalia tena.

"Mama," nikasema, "wanamwita tena."

"Wacha waite," akasema. "Huko hakuna mtu."