Shamba Chafu la Eufrosina Segundo

Saa moja asubuhi, Julai, ukungu bado umelala juu ya kijiji cha Santa Rita na Eufrosina Segundo amezama hadi kifuani ndani ya mahindi yake. Anang'oa magugu. Hatupi hata moja.

Mchicha unaingia kapu la kulia. Gugu linalotambaa, lenye majani manene na uchachu kidogo, linaingia kapu la kushoto. Yale marefu yenye maua ya njano, ndugu wa alizeti, anayafunga mzigo kwa kamba. Hayo ni ya kondoo.

"Siwapi yakiwa na umande, watavimba matumbo," anasema bila kuinua kichwa. "Nayaanika mpaka saa sita. Na hili hapa usilikanyage, ndilo tunalokandia majipu."

Ana miaka sitini na moja, mjane wa kabila la Mazahua, mwenye nusu hekta ya udongo mwekundu na kondoo saba. Jumapili hubeba mafungu ya mboga hadi sokoni, peso kumi kila fungu, na wiki nzuri humwingizia peso mia nne. Kwenye daftari la bwana shamba, shamba linalomlisha limeandikwa neno moja: chafu.

Neno hilo lina bei yake. Mpango wa mbolea unatoa mifuko minne kwa kila mwenye "shamba safi", maana yake lililopuliziwa dawa hadi lisibaki jani lolote ila la muhindi. Alhamisi bwana shamba anarudi kukata shauri. Eufrosina akikosa mbolea, mahindi yake yatadumaa, maana udongo wa hapa umechoka. Akikubali dawa, anapoteza makapu yote mawili na mzigo wa kondoo. Mtu aliyeketi ofisini ndiye aliyemwekea mtego huo, na akauita msaada.

"Mama yangu alikula haya, bibi yangu alikula haya," anasema. "Leo kijana anashuka na viatu vyake vipya ananiambia nilikuzwa kwa uchafu."

Santa Rita hupalilia mara mbili tu. Baada ya palizi ya pili wanaume huweka majembe chini, na shamba huwa la wanawake. Mahindi hayakomai kabla ya Oktoba, na kwa wengi ghala lilishaisha Juni. Miezi hiyo ya katikati watu huishi kwa magugu. Mwenye shida huingia shamba lolote akachuma, wala haombi ruhusa. Ila sasa mashamba ya jirani yote yamesafishwa, kwa hiyo wenye shida wote huja hapa. Wanachuma kwa Eufrosina, wanashiba, kisha wanamcheka barabarani.

Mwaka jana Eufrosina alikubali dawa. Ilikuwa zamu ya shemeji yake, Fidencio, kumrudishia siku moja ya kazi, kama ndugu wa hapa wanavyosaidiana mashambani. Badala ya jembe alikuja na bomba la dawa mgongoni, akamaliza kwa saa moja, akaenda zake akiamini ametenda wema.

Dawa haikuchagua. Maharage yaliyopanda kwenye mabua ya mahindi yalikauka, na maboga nayo. Novemba hapakuwa na kitu cha kulisha mifugo, na robota moja la majani makavu liliuzwa peso mia moja na kumi. Eufrosina akamuuza Paloma, ng'ombe wake pekee wa maziwa. Akilitaja jina hilo anasimama kidogo, anapangusa uso kwa ncha ya shali, anaendelea kung'oa.

Fidencio mwenyewe anatokea kando ya mfereji, bomba mgongoni.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamka na magugu yangu. Hilo bomba libaki huko huko ulipo."

"Mimi nakuhurumia tu. Watu wanapita wanasema nyumba hii haina mwanamume."

"Kweli haina. Kaka yako yuko makaburini. Angekuwepo saa hizi angekuwa anakula, hana nafasi ya kusema."

"Mifuko minne, shemeji. Saa moja tu nakumalizia."

"Mwaka jana ulinimaliza. Bado hujatosheka?"

Fidencio anacheka, kisha anaacha. Macho yake yameangukia kapu la kushoto.

"Basi nigawie hayo ya uchachu," anasema kwa sauti ya chini. "Delfina kaniagiza. Ya Jumanne yaliisha."

"Yaliisha? Nilimpa mkeo kapu zima."

"Ilikuwa zamu yetu kumlisha bwana shamba. Delfina aliyapika na mbavu za nguruwe na nyanya za kijani. Kijana alijaza sahani mara tatu, akauliza yanapatikana wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sokoni."

Eufrosina anajinyoosha, mkono kiunoni. Jumanne hiyo hiyo, saa tano, kijana yule alisimama kwenye mfereji huu bila kuingia ndani, akaandika chafu. Saa nane alikuwa akipangusa sahani kwa tortila, chapati ya mahindi, ili mchuzi wa uchafu huo usibaki. Mwandishi wa habari hii ameandika mengi kuhusu wakulima, lakini hilo lilimfanya afunge daftari kwa hasira.

"Vua bomba," Eufrosina anamwambia shemeji yake.

"Nivue?"

"Livue, liache hapo mferejini. Kisha ingia uchume mwenyewe. Sijawahi kumnyima mtu, sitaanza na wewe."

Fidencio anavua. Anaingia taratibu kati ya mistari, anainama, anaanza kuchuma.

"Alhamisi anakula kwa nani?" Eufrosina anauliza hatimaye, ingawa kijiji kizima kinajua zamu.

"Kwako, shemeji."

"Kwangu. Basi nitamwandalia chakula kinachotoka shamba safi mwezi wa Julai."

Fidencio anafikiri, mikono imejaa majani. "Shamba safi Julai halina chakula."

"Ndiyo hicho. Nitamwekea sahani tupu, na kalamu kando yake. Sufuria ya haya magugu itakuwa jikoni inachemka, harufu aisikie vizuri. Siku nitakayoona "chafu" yangu imefutwa kwenye lile daftari, ndiyo siku atakayopakuliwa."

Anajitwika mzigo wa kondoo, anaelekea nyumbani kuuanika.