Kamba Shambani Mumosho

Watu wakiniuliza jiometri nilijifunzia wapi, huwajibu: Bukavu, kwa padri mmoja mkali. Ni kweli, lakini ilikuwa karibu inishinde kijijini kwetu Mumosho, kwa baba yangu mwenyewe.

Nilikuwa namaliza koleji, yaani sekondari ya mapadri, miaka ile Wabelgiji bado wamejikalia kana kwamba hawataondoka kamwe. Padri alikuwa amenipatia nafasi ya kusomea hesabu chuo kikuu. Kilichobaki ni idhini ya baba. Nikaenda nyumbani likizo na furaha tele. Asubuhi moja, kwenye shamba lililopumzishwa, nikachomeka vijiti viwili, nikavizungushia kamba iliyolegea, na kwa kijiti cha tatu nikachora duaradufu ardhini. Nilitaka kuiona ikiwa kubwa kuliko ubao. Ilipendeza mno, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Shangazi akaniona, akatupa jembe, akapiga mayowe. Kabla jua halijapanda, kilima kizima kilijua kwamba mtoto wa fulani anawapimia wazungu ardhi.

Msiwacheke. Kwetu shamba halikupimwa: babu alimpa mwami, mtawala wetu, ng'ombe ili apewe ardhi, na mpaka ukajulikana kwa miti na kwa midomo ya majirani. Mwenye kamba alikuwa mtu wa mlowezi, na nyuma yake ilifuata miti ya kwinini, iliyopandwa juu ya mashamba ya watu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Unapimia nani udongo yetu?" baba akauliza.

"Hapana, papa. Sipimie mutu. Iko masomo tu."

"Kamba iko kamba. Kule Kalehe walianzaka vile vile."

Akakataa katakata. Nililia, mwanaume mzima. Mama akamsihi hadi akalegea, kwa sharti moja: niape kwamba maishani sitapima shamba la mtu yeyote. Nikaapa upesi. Jiometri niliyoipenda haikuwa na udongo hata chembe.

Nimezeekea katika maumbo yasiyoshikika kwa mkono, na nimefurahi, sikatai. Kiapo nilikivunja mara moja tu. Nikiwa bado chuoni, mlowezi wa jirani alipanua mashamba yake, akamega nusu ya shamba letu. Nilipofika likizo, baba alininyooshea ramani ya mlowezi.

"Ile kiapo iishe leo," akasema. "Upime, mutoto yangu. Unionyeshe fasi walidanganya."

Nilipima mchana kutwa, yeye akinifuata nyuma. Sikupata kosa. Kila pembe ya ramani ilikuwa sahihi, kila mstari umenyooka, nusu ya shamba letu ikiwa ndani yake, na ilinibidi nimwambie hivyo kwa mdomo wangu.